Mstari Mwekundu

"Mama anavuja damu, tutafutieni mkunga!" Zahanati ya Kakuma ilipiga simu Lodwar baada ya mafuriko kukata barabara.

Kwa saa nzima Jeptoo, mratibu wa huduma za dharura huko Lodwar, aliwapigia watu wa kujitolea walio kwenye orodha yake, akiliruka jina moja lenye mstari mwekundu: Didace, mkunga, mkimbizi wa Kakuma. Mstari aliuchora mwenyewe, Didace alipokosa mafunzo ya Lodwar kwa kunyimwa kibali cha kutoka kambini.

Mwishowe akampigia. "Kaka, kimbilia zahanati!"

"Niko kwenye geti la zahanati tangu asubuhi, dada. Askari anasema simo kwenye orodha yenu."

"Mpe simu!"

Jeptoo alisikia geti likilia.

"Amenifungulia," Didace alisema. "Anataka watu wa kubeba mwili."