Nusu ya Chini

"Shemeji, ukurasa umejaa," kaka wa marehemu akamwambia Waithera, akionyesha kioo cha kompyuta pale saiba, duka la kompyuta mjini Kabati. Programu ya mazishi, karatasi ya kugawiwa waombolezaji, ilikuwa na majina ya ukoo wote, hata binamu wa Mbooni. Jina la Waithera, mjane mwenyewe, halikuwemo.

Waithera akatazama maneno yaliyojaza kioo toka juu hadi chini.

"Dada," akamwambia mchapaji, "hebu tuonyeshe vile itatoka kwa karatasi."

Yule dada akabonyeza. Maneno yakanywea, ukurasa mzima ukatokea, nusu ya chini nyeupe kama unga.

Shemeji yake akakohoa. "Hapo ni pa picha."

Waithera akavuta kiti, akagandisha kidole chake chenye pete kwenye ule weupe.

"Picha iende nyuma. Hapa uniandike mimi, mke wake, kwa herufi kubwa."