Misuko ya Meaza

"Legeza kidogo, dada Letay. Kichwa kinawaka."

Letay hakulegeza. Alichota siagi, akaipaka kwenye ngozi ya kichwa, akauvuta msuko wa nne mpaka nyusi za Meaza zikapanda.

"Si unataka upendeze Adwa nzima? Vumilia."

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo. Kila mara Meaza, yule muuguzi mgeni mwenye shingo ndefu, aliondoka akijikanda utosi, na kila mara alirudi. Wateja wengine walisuka mara moja kwa mwezi. Huyu alifuata nini?

Letay alijua. Alhamisi alimwona kituo cha basi, amemshika Berhe mkono. Berhe, mume wake waliyeishi naye miaka kumi na tisa! Jioni Berhe akasema alikuwa ametoka kutafuta chumvi, na chumvi yenyewe hakuleta. Siku hizi chakula anakigusagusa tu, anajifungia chumbani mchana kutwa na madirisha yamefungwa. Mwanamume akipenda uzeeni huwa hivyo.

"Nikitoka hapa nachomwachomwa kichwa kizima, kama nimemwagiwa siafu," Meaza alisema. "Wenzangu kazini wananitania. Mara ni macho, mara presha, mara nimezidisha kahawa."

"Au mawazo," alisema Letay. "Mawazo ya waume za watu."

Meaza aliuliza kwa sauti ndogo, "Bwana Berhe alilala jana?"

Mikono ya Letay ilisimama. "Usingizi wa mume wangu unakuhusu nini?"

"Nauliza tu. Na chakula, anakula?"

Letay aliuzungusha msuko kidoleni, akavuta kwa nguvu zake zote. Nywele zikang'oka. Meaza hakupiga kelele, machozi tu yalimtiririka.

"Lia! Umenichukulia mume, halafu unakuja kuniuliza kama kashiba! Alhamisi mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Tulikuwa tunarudi, dada. Kutoka Mekelle, kwa madaktari." Meaza aliushika ule mkono uliojaa siagi. "Aliniapisha nisikwambie. Na mimi nikimuuliza ananidanganya kwamba analala, anakula. Ndiyo maana nakuja kwako."

Letay aliuachia msuko.

"Kichwa changu kitapoa jioni. Cha Berhe hakina dawa. Wamesema hatafika Pasaka."