Meko ya Padri Gilbert

Kila Jumamosi Edith alitembea maili nne kwenda kuungama, na kila Jumamosi hakuwa na dhambi mpya.

Padri Gilbert aliketi kando ya altare, kofia imeshuka hadi machoni. Edith akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Jino la pili limetoka," alinong'ona. "Juu, kushoto. Jana kamng'ata bibi yake."

Padri akajifunika uso kwa kiganja. Aliyemwona kwa mbali angedhani analilia dhambi za yule mama. Kumbe alikuwa baba mtu, anazuia kicheko.

Enzi za mfalme aliyetawala angali mtoto, mapadri waliruhusiwa kuoa, na Gilbert alimwoa Edith. Mfalme akafa, dada yake Maria akawa Malkia, misa ya Kikatoliki ikarudi, na mapadri wenye wake wakaambiwa wachague: altare au mke. Gilbert hakuwa na kazi nyingine ya kulisha mtoto. Akaapa kwamba ameacha mke, akahamishiwa kijiji hiki. Wangekamatwa, angevuliwa upadri, na mkate ungeishia hapo.

Wa kuogopwa alikuwa Mzee Cobbold, mlinzi wa kanisa, aliyeagizwa na askofu amchunge padri. Macho yake yalikuwa makali. Masikio, heri: miaka arobaini ya kupiga kengele ilikuwa imeyaua. Hata salamu alipewa kwa kelele. Edith alizishukuru kengele zile kila siku.

Leo mzee alikuwa akikwangua nta ya mishumaa sakafuni. Punje ya rozari ya Edith ikadondoka nyuma yake. Mzee akageuka, akaiokota, akamrudishia.

Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkaguzi wa askofu!

"Mzee! Padri huyu ana mke?"

"Eh?"

"MKE! Nauliza, ana MKE?"

"Meko? Anayo, bwana wangu, tena meko mazuri. Asiye naye ni mpishi. Tangu aje ni mkate mkavu tu, hebu mtazame alivyokonda!"

Mkaguzi akashusha pumzi. Jicho lake likamwangukia Edith. "Na mwanamke huyu ni nani?"

Edith akaifumbata rozari yake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo ndio huu.

"Huyo?" Mzee akatikisa kichwa. "Mcha Mungu huyo! Hapitishi wiki bila kuungama. Kwa nini asipewe yeye hayo meko? Mtu wa toba namna hii atamchunga padri kuliko mimi."

Mkaguzi akaitazama sketi ya Edith, iliyochakaa magotini.

"Mama, kupika unajua?"

"Najua, bwana."

"Basi utalala chumba cha nyuma. Na asikanyage mwanamke mwingine mle ndani. Umesikia?"

"Hatakanyaga hata mmoja," Edith alisema, na hapo hakudanganya.

Mkaguzi akapanda farasi, akaenda zake. Edith akamwinamia yule mzee kiziwi na kupaza sauti:

"AHSANTE, MZEE WANGU!"

"Usinipasue sikio, mwanangu," Mzee Cobbold alisema polepole, akirudia nta yake. "Na mtoto uje naye kesho, kabla jino la tatu halijatoka."