Upande wa Wageni

Hebu niambie, ukihamia kwa mwanao wa kumzaa, wewe ni mwenyeji au mgeni?

Mtoto wa kiume wa Milembe alimtoa mama yake kijijini Mwamapalala akae naye mjini Bariadi, kwenye gesti yake. Leo fundi alikuwa juu ya ngazi, anafunga kisahani cheupe cha Wi-Fi darini.

"Bosi, simu ya bibi niiweke mtandao upi, wa wenyeji au wa wageni?"

"Wa wageni," mwana akajibu. "Wa wenyeji ni wa simu za kazi tu."

Kitaa cha kijani kikapepesa. Kwenye simu ya video mkononi mwa Milembe, binti yake wa Mwanza, aliyekuwa akimwonyesha mjukuu mchanga, akaganda mdomo wazi.

"Wageni tunawafungulia intaneti jioni, mayu," mwana akamwambia mama yake. "Vumilia."

Milembe akaifuta skrini kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayefuta vumbi.

"Baba," akamwambia mwanawe, "nirudishe Mwamapalala."