Njia Nyembamba Nyuma ya Sikio

Mama Severine, jirani wa chumba cha mbele, anadai aliona kwa macho yake: Fakhriya, mimba ya miezi minane, yuko kwenye foleni ya unga wa njano, ule ulioitwa Yanga kwa jina la timu ya mpira, akamcheka mzee mwenye mdomo uliopinda. Mzee akamtazama tumbo, akaenda zake. Mwezi uliofuata akazaliwa Zahoro. Akilia, mdomo unavutwa kulia. Kushoto kumetulia, utadhani uso wa mtoto mwingine.

Mtaa wa Sikukuu mzima uliamini ni laana ya mzee yule. Fakhriya akaambiwa amfunike mtoto kanga usoni. Akakataa. Kila asubuhi alimbeba wazi hadi sokoni, na aliyechungulia aligeuziwa mtoto amwone vizuri.

"Tazama ushibe," alimwambia.

Ijumaa mchana mama mkwe wake, Bi Azza, akaja kutoka Magomeni.

"Shikamoo, mama."

Bi Azza hakuitikia. Alikaa mkekani, donge la tambuu ya kutafuna limejaza shavu la kushoto kama siku zote, akamgeukia mwanawe.

"Mbaruk, mpe huyu talaka yake leo. Aende na mwanawe. Sitaki laana katika kizazi changu."



Fakhriya hakulia. "Mama, jana nilikuwa hospitali. Daktari kasema nyuma ya sikio kuna njia ndani ya mfupa. Humo unapita mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Inaanza kujengwa mtoto akiwa tumboni miezi michache tu. Mwanzo ni mfereji wazi, kama huo wa maji hapo uani, halafu mfupa unaufunika polepole. Ya Zahoro, upande wa kushoto, ilibaki nyembamba mno. Ndiyo maana hata akilala jicho lile halifungi."

"Na mzee wa foleni?"

"Nilicheka, sikatai. Alisema yeye ni Simba damu, leo njaa inamhamisha timu. Foleni nzima ilicheka, na yeye mwenyewe. Lakini nilikuwa na miezi minane, mama. Kama ni laana, ilikuta mfupa umeshajengwa zamani."

"Mwanamke ana ulimi huyu! Mbaruk, unamsikia?"

"Namsikia, mama."

"Basi sema neno!"



"Daktari aliuliza na jambo lingine," Fakhriya akaendelea. "Kasema mara nyingine huwa ni ya kurithi. Akataka kujua nani katika ukoo yuko hivi. Nikamwambia kwetu hayupo."

"Na kwetu hayupo!" Bi Azza akapiga mkeka kwa kiganja. "Toka kwa babu zetu, hayupo! Andika talaka, Mbaruk!"

Fakhriya alimweka Zahoro mapajani mwa baba yake. Miaka minne, kila alipokuja, alikuwa amempikia mwanamke huyu, amemfulia, amemtandikia alale mchana. Miaka minne alikuwa amemtazama usoni akilala, na hakuwahi kusema kitu.

Akachukua kopo la kutemea, akaliweka mbele ya mkwewe, akapiga magoti.

"Sawa, mama. Nitafunga mizigo yangu mwenyewe. Naomba kitu kimoja tu kwanza. Tema tambuu, halafu ufumbe macho yote mawili."

Mbaruk akainamisha kichwa. Kopo likabaki tupu.