Dhamana ya Kindi

Zamani zile mawingu yalipokuwa yakilala juu ya miti, Kindi alikopesha wenzake mbegu. Ngiri alikopa, akaweka msitu wake wenye chemchemi kuwa dhamana, kisha akaukata wote kuchoma mkaa, akatoroka. Mawingu yakahama, chemchemi ikakauka. Mama Chura akaenda kushtaki, wanawe wakihema mgongoni.

Hakimu Kakakuona akamwita Kindi, akauliza, "Msitu huu ni dhamana ya nani?"

Kindi akaogopa kunyang'anywa. "Yangu, mheshimiwa! Hati hii hapa!"

"Vyema. Basi ni dhamana yako kuuotesha tena."

Kindi akafungua kinywa abishe, akawaona wale wadogo. Akawanyunyizia maji yake ya kunywa, ndipo akafungua ghala la mbegu.

Siku hizi ukienda kukopa kwake, atakuuliza kwanza, "Jirani zako wanakunywa wapi?"