Maswali ya Chumbani

Nyangi alizungumza kwa muda mrefu, macho yameinama. Alipomaliza, Stanley akatafsiri kwa neno moja tu.

"Ndiyo."

"Hayo yote ni ndiyo?" Liz aliuliza.

"Kikuria kina maneno mengi, madam."

Liz akaandika, aibu ikimchoma. Alikuwa ametoka Homa Bay kwa utafiti wa maisha ya ndoa, na Kikuria hakukijua hata salamu. Mama aliyekuwa akimtafsiria aliamka mgonjwa. Kanuni za utafiti zilikataza mwanamume kusikia majibu ya wanawake, lakini kazi ilikuwa lazima ikamilike leo. Stanley, mwendesha bodaboda aliyempata steji ya Kehancha, alijua Kiswahili vizuri, na alijua pia pa kumpeleka.

"Kuna mama mmoja, huyo hana neno," alisema njiani, karibu kwa majivuno. "Ndoa yake imetulia. Utaandika mazuri matupu."

Walimkuta Nyangi akifunga majani ya tumbaku. Alipoelezwa maswali yanahusu nini, alimtazama Stanley, akafikiri, kisha akakubali. Alimwuliza Liz anataka sukari kiasi gani. Chai ya Stanley aliikoroga bila kuuliza.

Sasa Liz alisoma swali lililofuata kwa sauti ya chini, kama anayeungama. "Mwulize, yeye hufurahia tendo la ndoa, au huvumilia tu?"

Stanley akauliza. Safari hii Nyangi alijibu akimkazia macho yeye, si Liz.

"Anasema hufurahia."

"Hapana!" Kiswahili cha Nyangi kilikuwa cha kuuzia mboga sokoni, lakini kilitosha. "Sema vile nimesema. Sema yote."

Stanley alifuta jasho shingoni.

"Anasema... huvumilia. Tangu aolewe. Hugeuzia uso ukutani, akangoja liishe. Siku zingine huumia."

"Amewahi kumwambia mtu?"

Wakasemezana kwa Kikuria.

"Anasema mwanamke akilalamikia hayo, ataulizwa utamu mwingine ameujulia wapi."

Liz alishindwa kuinua uso. Siri ambayo mwanamke huyu hakuwahi kumwambia hata dada yake, sasa ilikuwa kinywani mwa mtu wa bodaboda. Kufikia kesho steji nzima ingekuwa ikicheka. Na aliyemleta mtu huyo hapa ni yeye Liz.

"Stanley, nakuomba," alisema. "Haya usiyapeleke steji."

"Siwezi kuyapeleka, madam. Siwezi kabisa."

Nyangi alikuwa analia kimya, mgongo umenyooka, bila kujifuta machozi.

"Basi mwulize la mwisho tumwache apumzike," Liz alisema. "Mume wake anajua anavyojisikia?"

Stanley hakumgeukia Nyangi. Alitazama miguu yake.

"Hapana, madam," alisema. "Nilikuwa sijui."